Robo ya Tatu

Kiwanja chetu kipo Kurasini, nyuma ya maghala ya mbolea.
Saruji yake ina ufa unaoanzia duara la kati
ukajipinda mpaka chini ya goli
kama mshono wa uzazi.
Miaka tisa nimeuruka ufa ule. Unyayo wangu unaujua.
Robo ile, haukuwepo.

Tulikuwa nyuma kwa mabao saba.
Bupe aligawa machungwa. Siwema alifunga kamba za raba,
akafungua, akafunga.
Mie kichwani nilikuwa na luku iliyokata jana usiku
na baba mwenye nyumba anayeandika meseji kwa herufi kubwa tupu.
Kocha Mzeru alitazama saa yake tu.
Nadhani alishatukatia tamaa.

Filimbi.

Sasa hapa ndipo maneno huniponyoka.
Pasi ya Nchagwa niliidaka kabla hajaamua kuitupa.
Sheria inakupa sekunde tatu na mpira mkononi, usizidi;
sekunde zile tatu zikawa chumba, nikaingia,
nikakuta kuna nafasi hata ya kukaa.
Pete ya chuma ikawa pana kama ungo.
Mlinzi wao, msichana mrefu, alinitandia mikono usoni
nami nikamwona kama mtu anavyoona pazia:
lipo, na upepo unapita.

Sisi ni watu wa kelele, usidanganyike.
"Hapa!" "Nyuma yako!" "Anyesile, umelala?"
Robo ile hakuna aliyeita.
Zilisikika raba, kwi, kwi, juu ya saruji,
na pumzi zetu saba zikipokezana,
michi saba kinu kimoja,
na hakuna uliogonga mwenzake.

Ubao uliandika kumi na nne kwa jina langu.
Sikuyahesabu. Mkono ulifunga, na mkono ule
ulianzia begani kwa Nchagwa.

Bupe, mpishi wa kantini ya bandarini, ana neno lake:
tulikolea, anasema.
Chumvi ikikolea huionji chumvi, unaonja mchuzi.

Halafu mtu nje ya mstari akapaza sauti,
"Anyesile leo hakosi!"
Nikalisikia jina. Nikageuka ndani yangu kumtafuta mwenyewe,
nikamkuta: ana kiwiko, ana goti bovu la kushoto,
anajiuliza kidole cha kati huwa kinakaa wapi.
Mpira ukagonga chuma.
Ufa ukarudi. Luku ikarudi.
Tulifungwa kwa bao moja; nalitaja kwa sababu watu huuliza.

Miezi iliyofuata nilikwenda kuitafuta hali ile peke yangu,
alfajiri, nikikimbia daraja la Kigamboni.
Asubuhi ishirini niliambulia kichomi.
Ya ishirini na moja nikajikuta ng'ambo,
jasho likichuruzika kidevuni,
sikumbuki mwinuko, sikumbuki malori.
Ni ileile? Ndugu yake, labda.
Peke yako ni nyumba ambayo wote wamelala.
Mkiwa saba ni nyumba hiyohiyo, wote macho,
na hakuna anayekuuliza chochote.

Ukiiita haiji.
Ukiipuuza haiji vilevile, hilo wengi hawalisemi.
Kwa hiyo nawahi mazoezi. Natupa mipira mia mbili
golini pasipo mtu, mpaka kiganja kinuke ngozi ya mpira.

Alhamisi hii Nchagwa amenirushia mmoja wa mbali,
nimeufuata, nimejikwaa kwenye ufa,
Siwema amecheka hadi akaketi chini.
Bupe ameleta machungwa tena.
Yana mbegu kweli.